Andika kwa Mkono Wako

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani
Kusoma: Waraka kwa Filemoni, wote (ni sura moja tu)



Majuzi katika ibada ya Jumatano niliuliza watu swali. Nikasema, "Nani hapa amepokea barua iliyoandikwa kwa mkono tangu mwaka huu uanze? Sio ujumbe wa simu, sio kadi ya harusi iliyochapishwa. Barua ya kalamu na karatasi." Mikono miwili ikainuka, na mmoja wao ana mtoto shule ya bweni. Nikauliza tena, "Na nani ana barua ya zamani nyumbani, ambayo hata akihama nyumba mara kumi hawezi kuitupa?" Hapo mikono ikajaa kanisa zima. Mama mmoja wa safu ya mbele alianza kupangusa macho kabla sijasema lolote lingine.

Kabla ya kuitwa katika huduma mimi nilisomea biashara. Huko unafundishwa kwamba ukitaka kujua thamani ya kitu, usiangalie bei yake dukani tu. Muulize mwenye nacho anakubali kukiachilia kwa ngapi. Karatasi na kalamu bei yake unaijua. Lakini muulize yule mama barua yake anauza pesa ngapi! Hauzi. Basi tuna kitu ambacho kila mtu anakitunza, na karibu hakuna mtu anayekitengeneza. Mfanyabiashara akiona soko kama hilo halali usingizi. Sisi kanisa tunalala.

Leo tunajifunza jambo moja. Mtu anapoandika kwa mkono wake, anajitoa yeye mwenyewe. Anasema, "Mimi hapa, nimesimama na maneno haya." Ndiyo maana barua hutunzwa. Na ndiyo maana kuna maneno ambayo watu wanatudai, na hatutaweza kuyalipa kwa simu.

1. Paulo alikuwa na mwandishi, lakini alichukua kalamu

Wengi wetu tunamwona Paulo ameketi mezani akiandika usiku kucha. Sivyo ilivyokuwa mara nyingi. Desturi ya wakati ule ilikuwa mtu kutamka na mwandishi kuandika. Waraka kwa Warumi una takriban maneno 7,000 kwa Kigiriki, na aliyeshika kalamu aliitwa Tertio. Soma Warumi 16:22 utamwona akijitaja na kuwasalimu ndugu. Nafurahi kwamba Roho Mtakatifu hakumsahau karani.

Sasa angalia mwisho wa nyaraka nyingine. Katika 1 Wakorintho 16:21 Paulo anachukua kalamu na kuandika salamu mwenyewe. Katika Wakolosai 4:18 anafanya hivyo akiwa kifungoni, na anawaomba wakumbuke minyororo yake. Katika Wagalatia 6:11 anawaambia watazame jinsi herufi zake zilivyo kubwa. Fikiria kanisa la Galatia siku ile. Msomaji anafika mwisho, mwandiko unabadilika, herufi zinakuwa kubwa, na watu wanainuka kuchungulia. "Huyu ni yeye! Huu ni mkono wake!"

Hiyo haikuwa tabia ya Paulo peke yake. Kaskazini mwa Uingereza, mahali panapoitwa Vindolanda palipokuwa na kambi ya askari wa Kirumi, wachimbaji walipata vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja ni cha karibu mwaka wa 100 baada ya Kristo. Mke wa afisa mmoja, Claudia Severa, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa, mwezi wa Septemba. Karani ndiye aliyeandika mwaliko kwa mwandiko mzuri. Lakini mwishoni Claudia alichukua kalamu akaongeza maneno machache mwenyewe, akamwita rafiki yake dada na kumwambia kwamba anamngoja. Mwandiko wake si mzuri kama wa karani. Lakini kibao hicho kiko London mpaka leo, katika British Museum, na watu wakifika pale wanatazama ile mistari ya mwisho.

Mpendwa, usiniambie mwandiko wako ni mbaya. Karani anaandika vizuri kukuliko, lakini hakuna anayemngoja karani.

2. Mkono ni muhuri

Kulikuwa na sababu nyingine. Katika 2 Wathesalonike 2:2 Paulo anawaonya ndugu wasitikisike hata wakiletewa barua inayodaiwa kutoka kwake. Kumbe hata siku zile kulikuwa na matapeli! Kwa hivyo katika 2 Wathesalonike 3:17 anawapa alama: salamu ninaandika kwa mkono wangu, na hiyo ndiyo ishara katika kila waraka.

Sisi Wakenya tunalielewa jambo hili vizuri. Nani hajawahi kupata ujumbe kwamba pesa zimeingia kwa simu yako kimakosa, tafadhali rudisha? Nani hajawahi kuambiwa mtoto ameugua shuleni, tuma haraka kwa namba hii? Siku hizi hata sauti ya mtu inaigwa. Tumekuwa watu wa kushuku kila kitu kinachoingia kwa simu.

Halafu kuna zile baraka za asubuhi. Picha ya maua, kikombe cha chai, na maneno mazuri. Unaipata kwa kundi la vijana, kwa kundi la akina mama, kwa kundi la ukoo, na kabla ya saa mbili umeipata mara tano. Sikatai, ni maneno ya Mungu. Lakini aliyekutumia hakukufikiria wewe. Aligusa kidole mara moja ikaenda kwa watu mia mbili. Barua haiendi kwa watu mia mbili. Unaandika jina la mtu juu, na kwa dakika ishirini huyo ndiye yuko mbele ya macho yako.

Sisemi tutupe simu. Matangazo ya kanisa mimi mwenyewe ninayatuma kwa WhatsApp. Paulo angekuwa na simu nadhani angekuwa na makundi mengi kuliko sisi. Lakini naamini bado mwishoni angetafuta kalamu.

3. Karatasi hudumu

Tunafikiri kilicho ndani ya simu ni salama na karatasi ni kitu dhaifu. Hebu tuone.

Katika Yeremia 32, nabii ananunua shamba kwa shekeli 17 za fedha wakati mji umezingirwa na adui. Hati inaandikwa, inatiwa muhuri, na Mungu anaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Katika Yeremia 36 Mfalme Yehoyakimu anakata gombo la maneno ya Mungu kipande kwa kipande na kulichoma motoni. Unajua kilichotokea? Yeremia alichukua gombo lingine akampa Baruku, akatamka, yakaandikwa yote tena na mengine yakaongezwa. Mfalme alikufa. Gombo tunalisoma.

Nakala mojawapo ya kale sana ya nyaraka za Paulo iliandikwa kwa mkono kwenye mafunjo karibu mwaka wa 200. Sehemu yake iko Dublin na sehemu iko Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Yule aliyenakili hatumjui jina, lakini mkono wake upo.

Na Kiswahili chetu hiki je? Maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka wa 1711 kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa, kule India. Maneno mangapi yalisemwa Kilwa mwaka ule, sokoni, bandarini, mezani? Yote yalipita na upepo. Zilizobaki ni barua.

Sasa niambie, ujumbe uliomtumia mama yako miaka minane iliyopita uko wapi?

4. Mkono ni dhamana

Tufike kwa Filemoni. Ni waraka mdogo, maneno yapatayo 335 tu kwa Kigiriki. Ukiuandika leo unaenea ukurasa mmoja. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni. Waliachana vibaya. Akakutana na Paulo kifungoni, akaokoka. Sasa Paulo anamrudisha nyumbani, na kuna swali la madhara na deni.

Katika mstari wa 18 Paulo anasema kama kuna chochote unachomdai, kihesabu juu yangu. Mstari wa 19 anachukua kalamu na kuandika kwa mkono wake kwamba atalipa. Nilipousoma mstari huu baada ya masomo ya biashara nilishtuka. Hii ni hati ya deni! Mtu anaandika, anajitaja jina, anakubali kulipa. Filemoni angeweza kuikunja, aiweke, na siku moja amfuate Paulo nayo. Na si siri ya watu wawili, kwa sababu ukisoma mstari wa 2 waraka huu umeandikiwa pia kanisa linalokutana nyumbani kwa Filemoni. Ilisomwa mbele ya ushirika wa nyumbani kama huu wenu.

Paulo angeweza kumwambia Onesimo, "Nenda tu, mwambie nimesema akusamehe." Maneno ya mdomo hayana gharama. Lakini aliyatia mkono, akajifunga. Onesimo alitembea mwendo ule wote kurudi kwa mtu aliyemkosea, na kilichomtetea njiani kilikuwa karatasi yenye mkono wa rafiki.

Kama Filemoni angekasirika na kuitupa jikoni, tusingekuwa nayo leo. Mtu aliitunza.

5. Barua iliyokuwa mfukoni

Niruhusu sasa nifungue moyo wangu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani sokoni. Aliishia darasa la saba. Alikuwa na daftari la kuandika vipimo vya wateja kwa penseli: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kurasa za nyuma zilikuwa za wadeni, nani amelipa na nani bado.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni alinitumia shilingi 18,000 za karo. Mimi, mwanafunzi wa biashara, nikaona nina akili kuliko vitabu. Nikachukua zile pesa nikanunua viatu vya mitumba niwauzie wanafunzi wenzangu, karo nirudishe na faida nibaki nayo. Viatu vingine havikuwa na wenzake. Vingine watu walichukua kwa mkopo na sikuwaona tena. Karo ikaisha hivyo. Baba akaja kujua kupitia kwa binamu yangu. Nikaacha kushika simu zake. Krismasi hiyo sikwenda nyumbani.

Mwezi wa pili makanga wa matatu ya kwetu akanipigia, ati kuna kifurushi changu nije stendi. Ndani kulikuwa na suruali ya kijivu. Baba alikuwa ameishona bila kunipima. Alitumia vipimo vya zamani akaongeza inchi mbili za urefu, na ilinikaa sawasawa. Nilipoivaa nikahisi karatasi mfukoni. Ulikuwa ukurasa uliochanwa kutoka lile daftari, umeandikwa kwa penseli, hata nusu haukujaa. Alisema zile pesa ameziondoa kwenye hesabu, nisiziogope tena. Alisema nirudi nyumbani. Alisema mama ananiulizia kila akipika chapati. Chini akaandika majina yake yote matatu, kama mtu anayetia sahihi ofisi ya chifu.

Nilikaa kitandani na ile karatasi muda mrefu. Halafu nikamjibu kwa simu: "Nimepata. Asante mzee." Maneno matatu. Nikajiambia nikipata nafasi nitamwandikia barua ya maana.

Pasaka nikaenda nyumbani. Tukasalimiana, tukala, hakuna aliyetaja pesa. Miaka ikasonga. Nikamaliza chuo, nikaoa, nikaitwa katika huduma. Nimehubiri msamaha mara nyingi sana. Hiyo barua nilikuwa naenda kuiandika kesho.

Baba alilala mwaka wa 2019. Baada ya mazishi tukafungua sanduku lake la bati. Kulikuwa na hati ya shamba, kadi ya ubatizo, risiti zetu za karo zimefungwa kwa uzi wa cherehani. Kulikuwa na barua kumi na moja za dada yangu, ambaye alifanya kazi mbali kwa miaka. Za kwangu nilizitafuta. Ilikuwa moja. Niliiandika nikiwa kidato cha kwanza, mistari sita, naomba sabuni, dawa ya meno na nauli. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa karibu ikatike. Maana yake mtu alikuwa ameifungua na kuikunja mara nyingi sana.

Wapendwa, baba yangu alikuwa akisoma barua ya kuomba sabuni kwa sababu sikumpa nyingine.

Ule ujumbe wangu wa maneno matatu ulienda na simu iliyoibiwa. Suruali ilishaisha. Karatasi ya penseli iko ndani ya Biblia yangu, kwenye Filemoni, na kila nikifungua pale namsikia.

6. Hati iliyofutwa

Tulipofika kwenye lile daftari, nilifungua kurasa za wadeni. Jina langu lilikuwa pale, kati ya wateja. 18,000. Na mstari wa penseli umepita juu yake.

Ndipo nikaelewa Wakolosai 2:14. Paulo anasema kulikuwa na hati iliyotushtaki, na Mungu ameifuta, ameiondoa, ameigongomea msalabani. Neno la Kigiriki alilolitumia hapo maana yake halisi ni maandishi ya mkono. Ilikuwa hati ambayo mdaiwa anaiandika mwenyewe kukubali kwamba anadaiwa. Yaani dhambi zetu tuliziandika sisi, kwa mkono wetu, tukatia sahihi. Hatuwezi kukana mwandiko wetu. Lakini kuna mkono mwingine uliokuja ukafuta, na ule mkono una alama ya msumari.

Waraka wa Wakolosai ulipelekwa na Tikiko, na katika safari hiyo alikuwa na Onesimo (Wakolosai 4:7-9). Mdeni anatembea kurudi nyumbani, na kwenye mzigo kuna habari za deni la dunia nzima lililofutwa. Haleluya!

Kama Mungu ametushughulikia namna hiyo, nani tunayemdai ambaye hajui kwamba tumemfutia? Umemsamehe moyoni, vizuri. Yeye anajuaje? Huenda na yeye hashiki simu yako. Huenda Krismasi hii pia hatakuja.

7. Tuandike nini?

Kwanza, andika shukrani ungali na wa kumpa. Mwalimu wako wa zamani, shangazi aliyekulipia karo, mzee wa kanisa aliyekuombea. Usingoje kusoma shukrani hizo mazishini, mwenyewe akiwa ndani ya sanduku.

Pili, andika msamaha, wa kuomba na wa kutoa. Kuwa mfupi. Taja jambo lenyewe, usizunguke. Baba alitaja pesa, akaziondoa, akaniita nyumbani. Ni sentensi chache, na zilinitosha.

Tatu, waandikie watoto wako baraka. Biblia unayompa mtoto, ukurasa wa kwanza andika jina lake, tarehe, na neno moja unalomwombea. Siku moja atafungua wewe haupo.

Nne, andika Neno. Katika Kumbukumbu la Torati 17:18-19 mfalme wa Israeli aliagizwa ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake. Alikuwa na watumishi wa kutosha, lakini Mungu alitaka maneno yapite mkononi mwake. Ukipiga picha ubao wa mahubiri kwa simu, umebeba picha. Ukiandika kwa daftari, mkono ni mwepesi kuchoka, kwa hivyo unalazimika kuchagua neno lililokugusa. Na madaftari yako yatakuwa urithi.

Kuna onyo pia. Kalamu inaweza kuua. Daudi aliandika barua ya kumwangamiza Uria, akamkabidhi Uria mwenyewe aibebe (2 Samweli 11:14-15). Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, na Nabothi akafa (1 Wafalme 21). Kwa hivyo usiandike ukiwa na hasira. Ukiandika na hasira, ilaze barua kabatini usiku mmoja, asubuhi uisome mbele za Mungu kama Hezekia alivyofanya na barua ya vitisho, aliyoikunjua hekaluni (2 Wafalme 19:14). Zingine utazichana, na hiyo ni neema.

Na wale wazee wetu ambao hawakupata nafasi ya kusoma, msijione mmeachwa. Paulo alikuwa na Tertio. Mwite mjukuu akae chini, mtamkie, yeye aandike. Mwishoni chukua kalamu uweke alama yako, hata kama ni msalaba mdogo au kidole cha gumba. Atakayeipokea atajua ni wewe. Na mjukuu atakuwa amesikia mambo ambayo hangeyasikia kwa njia nyingine.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Paulo aliandika mstari wa deni kwa mkono wake mwenyewe badala ya kumwachia mwandishi? Mstari huo ulimfunga vipi?

2. Una barua gani ambayo umeitunza? Ni neno gani ndani yake linalokufanya usiitupe? (Anayetaka aje nayo kwenye ushirika.)

3. Kuna mtu unayemdai, au anayekudai, ambaye mmenyamaziana? Ni nini kinachokuzuia kuandika?

4. 2 Wakorintho 3:2-3 inasema ninyi ni barua ya Kristo, inayosomwa na watu wote. Jirani yako akikusoma wiki hii, anasoma nini?

Zoezi la wiki

Andika barua moja. Moja tu. Isizidi ukurasa mmoja. Juu andika tarehe na jina la mtu, chini andika jina lako lote. Itume kwa posta, kwa makanga, au mpe mkononi. Usiipige picha na kuiweka kwenye kundi.

Mimi nimeshaandika yangu. Nimemwandikia mama, bado yuko hai, Mungu asifiwe. Nimemweleza habari ya karo na viatu, ambayo najua anaijua, lakini hajawahi kuisikia kutoka kwangu. Juzi dada yangu amenipigia kunijulisha kwamba mama ameiweka kwenye sanduku la bati.

Tuombe

Baba wa mbinguni, asante kwa sababu hukututumia neno tu, bali ulikuja mwenyewe. Asante kwa hati uliyoifuta kwa damu ya Mwanao. Tukumbushe leo jina la mtu anayengoja neno kutoka kwetu. Tuondolee aibu, tuondolee kiburi, tuondolee ile kesho isiyofika. Ongoza mkono wetu tunaposhika kalamu, na atakayesoma akuone wewe. Katika jina la Yesu, Amina.